Madame na Majina ya Nyuzi

Madame alisalimia pindo la nguo yako kwanza. Ukiingia darasani, macho yake yalishuka moja kwa moja hadi chini ya sketi, yakalizunguka pindo lote, yakapanda kiunoni, yakakagua mabega, na mwisho kabisa, kama bado ana nafasi, yakafika usoni. Hapo ndipo alipokumbuka kusema, "Yambo, mama." Siku ya mazishi ya mama yangu mzazi alinikumbatia, akalia nami kwa uchungu wa kweli, kisha akaninong'oneza sikioni kwamba mshono wa ubavuni umeachia na nisinyanyue mkono wakati wa wimbo. Nilimchukia kwa dakika mbili. Halafu nikapapasa ubavuni, na kweli ulikuwa umeachia.

Jina alikuwa nalo, na wapo wanaolijua, lakini kwetu Ruashi, Lubumbashi, hatukulitumia. Alikuwa Madame tu, mwalimu wa ushonaji kwenye foyer, ile nyumba yenye paa la bati nyuma ya kanisa ambako wake za wachimbaji na wasichana walioacha shule walijifunza kukata na kushona. Ukisema "Madame anakuja", hata mlevi wa pale kona alifunga vifungo vya shati lake.

Utepe wa kupimia ulikaa shingoni mwake hata kanisani. Alidai ameusahau. Kwa miaka yote niliyomjua aliusahau kila Jumapili. Pini alizibana mdomoni, tano au sita kwa pamoja, na aliweza kugomba nazo bila kumeza hata moja. Sisi wanafunzi tulikuwa tukizihesabu, maana pini zikipungua mdomoni, ujue sasa anajiandaa kusema kwa sauti.

Na kusema alijua. "Kitambaa inajuaka mukono yenye kuogopa," ndivyo alivyokuwa akisema mtu akishika mkasi kwa wasiwasi. Mimi ninatumia mkono wa kushoto, basi akanipachika jina la "Gauche", ambalo kwa Kifaransa ni kushoto, na ni mtu asiyejua kushika kitu pia. Msichana mmoja mnene aliitwa "Mètre Cinquante", yaani mita moja na nusu, kwa sababu ya kitambaa ambacho nguo yake ilikula. Mwingine mwenye kengeza aliitwa "Zigzag". Tulicheka, na aliyeitwa alicheka pia, kwa sababu kununa kulikuwa kunaleta jina la pili. Lakini nilipofika nyumbani nililia. Ninasema hivi mapema ili mtu asidhani kwamba Madame alikuwa malaika wa maneno. Maneno yaliyoandikwa aliyaonea wivu na kuyalinda. Yale ya mdomoni aliyamwaga ovyo.

Vita yake na maneno yaliyoandikwa ilianza na bobini moja ya uzi.

Nyuzi za foyer zilikuja kutoka Ulaya ndani ya maboksi, na chini ya kila bobini palibandikwa karatasi ndogo ya duara yenye namba na jina la rangi kwa Kifaransa. Ile ya kahawia nzito, inayokaribia kuwa nyeusi, iliandikwa *tête de nègre*. Tuliitumia sana, maana suti za wanakwaya zilikuwa za rangi hiyo. Kwa miaka mingi tulilitamka jina hilo kama mtu anavyotaja chumvi. Madame mwenyewe alilitamka kuliko sisi sote, na kwa lafudhi nzuri. Anyooshe mkono, "Tête de nègre!", na bobini ifike kiganjani.

Aliyeuliza alikuwa Mama Ngalula. Wakati huo alikuwa mwanafunzi mpya, mke wa fundi wa reli, mwanamke mtaratibu ambaye Kifaransa chake kilikuwa kidogo na ndiyo sababu alikisikiliza vizuri.

"Madame," alisema, "tête njo kichwa, ile najua. Nègre njo nani?"

Madame alifungua mdomo kujibu, pini zote zikaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuziona zikianguka. Alitazama bobini, akatutazama sisi, vichwa ishirini na vitano vilivyofungwa vitambaa, akaitazama bobini tena.

"Njo siye," alisema mwishowe. "Njo siye, lakini kwa dharau."

Siku hiyo hatukushona. Alichukua wembe, akaikwangua ile karatasi, na baada ya hiyo akazitoa bobini zote mezani ili azihoji moja moja. Ile ya rangi ya waridi iliyofifia ilikuwa imeandikwa *chair*, maana yake rangi ya mwili. "Mwili ya nani?" aliuliza. Akakata uzi kidogo akaanza kuupitisha kwenye mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, kama daktari anayetafuta ugonjwa. Haukulingana na mtu. Aliujaribu kwa padri, ambaye alikuwa Mzungu, na padri naye alikuwa ameungua jua akawa mwekundu zaidi. Mwisho ulilingana na unyayo wa kitoto cha wiki mbili kilicholala mgongoni mwa mama yake. Basi Madame akaandika kwenye kipande cha karatasi, *kanyayo ka mutoto*, akakibandika kwa bukari, ule ugali wetu wa mihogo, na rangi ikawa na jina jipya.

Jioni hiyo droo zote za nyuzi zilibatizwa. Kijani nzito ikawa *sombe*, yaani kisamvu. Kijani ya kung'aa ikawa *malakiti*, kwa ajili ya lile jiwe la migodini. Nyekundu ya matofali ikawa *udongo ya Ruashi*, na ile ya maziwa ikawa *bunga*, yaani unga. Kahawia nzito ilimshinda mpaka mwisho. Alikuwa bado anaikodolea macho, kidudu kimoja cha mgongo wa kahawia, wa kung'aa, cha aina ile inayopiga taa mvua zinapoanza, kikaanguka juu ya meza. Akaweka uzi kando yake. Rangi ile ile.

"Kilulu," akaandika. Kilulu ni mdudu tu, kwa Kiswahili chetu. Wengi ni bilulu. Tulipiga makofi, na Mama Ngalula alipiga kuliko wote, kwa sababu swali lilikuwa lake.

Tangu hapo Madame hakuwa na amani na wenye maduka. Muuzaji wetu wa jumla alitoka Kivu ya Kaskazini, tulimwita Papa, yaani baba, mzee wa kanisa, mpole, ambaye kosa lake pekee lilikuwa kwamba alifungua maboksi kama yalivyofika. Kila alipokwenda, Madame alinichukua mimi nibebe vitu, na kila mara walianza upya.

"Papa, nataka ule uzi ya kahawia, lakini bila jina yake."

"Mama, jina haishonake. Uzi njo inashonaka."

"Basi ubandike pale jina ya mama yako."

"Aa, mama! Ile ni jina ya langi tu. Bazungu banaiandika tangu zamani. Haiko juu yako."

"Kama haiko juu yangu, iko juu ya nani? Kichwa ya nani? Ya mbuzi?"

Papa alicheka mpaka akajifuta machozi, akampunguzia bei, na mwezi uliofuata boksi likaja na karatasi ile ile. Madame aliandika barua kwa kiwanda, Kifaransa safi alichofundishwa na masista, kurasa mbili. Kiwanda kilijibu baada ya miezi mingi. Kilimshukuru kwa kupenda bidhaa zake, kikamtumia katalogi mpya ya rangi, na ukurasa wa tatu, juu kabisa, ilikuwa *tête de nègre*, tena sasa kwa hariri. Alizitundika kurasa za katalogi ile ukutani, akaikata ile rangi kwenye ukurasa wa tatu, na pale penye tundu tukaona saruji. Wageni waliuliza kuna nini pale, naye aliwaeleza kwa saa nzima.

Miaka ikaenda. Mama Ngalula akawa mkono wake wa kulia, akafundisha kola na mikono, akashika funguo za droo. Walibishana kila siku kuhusu chai, mmoja akiitaka nyepesi na mwingine nzito, na walikunywa kutoka birika moja. Mama Ngalula hakupewa jina la utani kamwe. Kati yetu sote ni yeye tu, na sisi tulimwonea wivu.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ya migodini ikakatika. Maduka yakaporwa mchana kweupe, likiwamo la Papa wetu, aliyebaki amesimama mlangoni akiwaambia waporaji wapite polepole, kuna misumari. Na kwenye mikutano wakubwa wakaanza kusema kwamba shida yote imeletwa na watu wa Kasai, wale ambao babu zao waliletwa kujenga reli na kuchimba shaba. Warudi kwao, walisema. Mama Ngalula alikuwa wa ukoo huo, lakini alizaliwa Lubumbashi. Kasai alikuwa hajaiona hata kwenye picha.

Watu hawa walipewa jina. Walisema hao ni wadudu, wanakula kila kitu. Bilulu. Likaandikwa kwa mkaa kwenye kuta, likaimbwa barabarani, watoto wakalitumia kwenye michezo. Nasi foyer tulikuwa na droo yenye neno hilo kwa mwandiko mzuri wa Madame.

Nitaeleza kilichotokea, na sitajipendelea. Tulikuwa tunamalizia suti za kwaya. Mama Ngalula alisimama karibu na droo, na msichana mmoja wa meza ya nyuma, ambaye mume wake alikuwa anaimba zile nyimbo barabarani, alinyanyua sauti.

"Kilulu, utupatie kilulu!"

Meza ya nyuma ikacheka. Meza ya katikati ikacheka. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sababu lilichekesha, na kwa sababu wote walicheka, na sina sababu ya tatu. Naona haya mpaka leo.

Mama Ngalula alifungua droo, akatoa bobini, akaenda kuiweka mbele ya yule msichana taratibu. Kisha akamgeukia Madame.

"Madame, ile jina tuitoshe."

Kutosha, kwetu, ni kutoa, nami nilijua Madame atachukua wembe. Ningeapa. Mwanamke aliyegombana na kiwanda cha Ulaya kwa kurasa mbili! Lakini neno hili lilikuwa la kwake. Alikuwa amelizaa mwenyewe, mbele yetu, tukampigia makofi.

"Mama Ngalula," alisema, "ile ni jina ya langi tu. Niliiandikaka zamani, mbele ya hii makelele yote. Haiko juu yako."

Nilimsikia Papa wa dukani akiongea kwa mdomo wa Madame. Sijui kama yeye alimsikia.

"Kama haiko juu yangu, Madame," alisema Mama Ngalula, "banacheka nani?"

Hakungoja jibu. Alizungusha utepe wake vizuri, akachukua mkasi wake, akaweka funguo za droo juu ya meza, akasema, "Mubakie muzuri." Madame aliendelea na somo la kola. Alikata kola mbili za kushoto, yeye, Madame, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husema watu, na aliyejikwaa ulimi huanza kuutetea. Wiki hiyo nzima Madame alinung'unika. Kilulu ni kidudu cha Mungu. Neno ni letu. Wahuni wamelichukua, kwa nini yeye ndiye alirudishe? Alinieleza hayo mara nne, na mara zote nne nilikuwa sijauliza. Mara ya tano aliishia katikati, akaenda kwenye droo na wembe. Lakini gundi yake ya mihogo ilikuwa imeshika kuliko ya kiwanda. Alikwangua mpaka ubao ukaonekana, na bado ukiinamisha kichwa uliyaona yale maandishi.

Tukasikia kwamba mume wa Mama Ngalula amefukuzwa kwenye nyumba na kwamba wamekimbilia stesheni, wanangoja treni pamoja na maelfu ya wengine. Madame alivaa nguo yake ya Pasaka. "Gauche, tuende," alisema. Njiani alisogeza midomo tu, nami nikaelewa kwamba anajifunza cha kusema.

Tuliwakuta kati ya magodoro na masufuria, chini ya hema la mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Mama Ngalula alikuwa amekaa juu ya kichwa cha cherehani kilichofungwa blanketi. Alituona. Hakuinuka. Madame alisimama mbele yake, akavuta pumzi, na mimi nilisali, kweli nilisali, kwamba aseme. Macho yake yalianza kushuka. Nilitaka kuyashika kwa mikono. Yakafika kwenye pindo la hema.

"Hii umeshona na nini?" alisema. "Mvua moja, itafumuka."

Akakaa chini kwenye vumbi na nguo ya Pasaka, akatoa sindano kifuani, akaanza kushona upya pindo lote. Alishona hadi jua lilipofika utosini. Mama Ngalula alitazama upande wa reli muda wote huo. Mara moja tu alinyoosha mkono akashika shuka lisivutike, akaliachia. Pindo lilipokwisha, Madame alisimama akajipangusa, wakaagana kwa vichwa.

"Nilikuwa nataka kusema," aliniambia tukiwa tumefika mbali.

"Juu ya nini haukusema, Madame?"

"Uzi iliisha."

Treni ikawachukua siku chache baadaye. Watu wengi walikufa katika safari zile, na kwa muda mrefu hatukujua kama Mama Ngalula ni miongoni mwao.

Foyer ilidumu kidogo, kisha ikafungwa. Madame alishonea nyumbani, akazeeka, akapunguza maneno. Alipokutana nami siku moja aliniita kwa jina langu la ubatizo, nikadhani anaumwa. Mimi sasa ninashona majoho ya wanafunzi karibu na chuo kikuu, kule Kasapa, na nyuzi zangu zinatoka China, zina namba tu. Hata hivyo wateja wazee bado wananiagiza ile ya kahawia kwa jina lake la zamani la Kifaransa, na mmoja wao, mtu mzuri kabisa, aliwahi kuniagiza kwa lile lingine, la Madame.

Binti yangu aliolewa Mbuji-Mayi, huko Kasai, na ni yeye aliyenipigia simu kunipa habari. Mama Ngalula yupo. Anashona sare za shule, mtaa wa pili kutoka kanisani kwao, na ana wajukuu. Nilimwambia Madame habari hiyo kupitia jirani, maana kumwambia uso kwa uso niliogopa. Binti yangu alipojifungua nikakata tiketi ya ndege.

Huko Luano, kwenye uwanja wa ndege, nilikuwa nimeketi juu ya mizigo yangu nje ya jengo, nikingoja waite. Kila anayekwenda Kasai hubebeshwa vifurushi na nusu ya mtaa, nami nilikuwa nimebeba vya watu saba. Pikipiki ya abiria ikasimama mbele yangu, na nyuma ya dereva akateremka Madame, umri wote ule, kashikilia utepe shingoni usipeperuke. Alimkemea dereva kwa mashimo ya barabara. Kisha akanitazama usoni moja kwa moja. Nguo yangu hakuiangalia kabisa.

Nilinyoosha mikono nipokee kifurushi. Hakuwa na kitu.

"Utamuona Mama Ngalula," alisema.

"Nitamuona, Madame."

"Umuambie: neno ilikuwa ya kwangu. Ile ingine niliikuta mu boksi. Ile nilitosha mu kichwa yangu, na alinilomba niifute, nikakatala. Njo ile tu. Usiongeze kitu."

"Simu iko, Madame. Nikuitie sasa hivi, umuambie mwenyewe?"

"Miye mu simu nitaanza kumuuliza juu ya mashini yake," alisema, na sote wawili tulijua kwamba ni kweli. "Sema, nisikie."

Nikasema: "Madame anasema neno ilikuwa ya kwake..."

"Hapana. Utasema kama miye. Neno ilikuwa ya kwangu."

Nilianza upya. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao, na mimi nikasimama kama mwanafunzi, nikasema: neno ilikuwa ya kwangu. Nikaishia hapo hapo. Nilianza mara ya pili, nikaishia palepale. Madame alingoja bila kunisaidia, na nikaisema yote mpaka mwisho, na nilipofika mwisho mdomo wangu haukufunga.

"Na kicheko," nilisema. "Kicheko ilikuwa ya kwangu."

Alikuwa amenikataza kuongeza kitu. Nilisubiri anigombeze.

"Ile njo ya kwako," Madame alisema. "Uanze na ile."